Kifaa cha Zamani cha GPS Ndani ya Ndege Ndogo: Kinafaa kwa Lipi?

Hotuba kwa wanachama wa klabu za urubani, wamiliki wa ndege ndogo na abiria wa ndege za kukodi



Kazi yetu ya kila siku ni kumwelimisha na kumlinda mtumiaji wa bidhaa, na mara nyingi huwa tunazungumzia mizani, mitungi ya gesi na nondo za kujengea. Leo tumeombwa kuzungumzia bidhaa isiyonunuliwa na wengi, lakini anayeinunua huikabidhi roho yake na roho za aliowapakia. Nayo ni kifaa cha GPS cha mkononi, cha miaka ya nyuma, kinachowekwa ndani ya ndege ili kiwe akiba pindi vifaa vikuu vinapokwama.

Vifaa hivi vingalipo vingi. Aliyekuwa akiruka katika miaka ya 1990 na 2000 huenda ana Garmin GPS III Pilot, au GPSMAP 196, au 296, au 496, imelala katika droo pamoja na funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Wengine wanavikuta katika matangazo ya mitumba kwa bei ya kuvutia. Swali linakuwa lile lile: je, kitu hiki bado kina kazi, au ni mapambo? Jibu letu ni kwamba kina kazi, ila kazi yenyewe ni nyembamba kuliko wauzaji wanavyoitangaza, na asiyeijua mipaka yake ni heri aruke bila hicho kifaa.

Tuanze na neno akiba, maana ndilo linalopotoshwa. Akiba ya nini? Ndege ndogo nyingi za leo huongozwa kwa msaada wa kishikwambi kilichobandikwa karibu na usukani, au kwa kifaa kilichofungwa katika dashibodi. Kishikwambi ni kizuri, lakini hakipendi joto. Mtengenezaji wa iPad mwenyewe anaeleza kuwa chombo chake kitumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Kilichoachwa nyuma ya kioo cha ndege juani huko Lodwar au Garissa hupita kiwango hicho upesi, nacho hujizima bila kuuliza abiria wako wangapi. Kifaa cha dashibodi nacho hutegemea umeme wa ndege. Jenereta ikifa angani, betri ya ndege hubaki na muda mfupi wa kulisha redio na vifaa vingine, na rubani mwenye busara huanza kuzima kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo kifaa cha zamani kinapolipa gharama yake. Kina betri zake chenyewe, na katika vya mwanzo ni nne ndogo, zile zile za tochi. Hakihitaji intaneti, hakihitaji laini ya simu, hakiombi nenosiri, wala hakianzi kujisasisha chenyewe ulipo juu ya msitu. Kina kitufe cha kukuonyesha kiwanja cha ndege kilicho karibu zaidi, upande kiliko na umbali wake. Skrini za zamani zisizo na rangi, ambazo vijana huzicheka, husomeka vizuri sana juani. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na katika jambo hili tunaafikiana nao.

Lakini ipo hitilafu ambayo kifaa hiki hakiwezi kuwa akiba yake hata kidogo: kupotea kwa ishara yenyewe ya GPS. Setilaiti hizo ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na ishara yake inapotufikia ni dhaifu mno. Mtambo mdogo wa kuivuruga unatosha kuizima katika eneo pana. Katika miaka ya karibuni marubani wamekumbana na uvurugaji huo mashariki ya Mediterania, katika Bahari Nyeusi na ukanda wa Baltiki, mara nyingine ishara ikipotea, mara nyingine ikitolewa ya uongo inayoionyesha ndege mahali isipokuwapo. Kishikwambi kikivurugwa, na hicho cha zamani kimevurugwa vile vile. Tena chenyewe husikiliza setilaiti za GPS za Marekani peke yake, ilhali vipokezi vingi vipya husikiliza pia za Ulaya, Urusi na China. Mtu mwenye GPS tatu ndani ya ndege ana chanzo kimoja tu cha habari. Akiba ya ishara ni dira, saa, ramani ya karatasi na macho yanayotazama nje, na kwa mwenye vifaa vya redio, mitambo ya redio iliyoko ardhini. Akikuambia muuzaji kwamba kifaa chake kinaondoa haja ya ramani, muulize kinaiondoa vipi.

Sasa umri. Watu hudhani kwamba kifaa cha zamani hakilengi sawasawa. Dhana hiyo ina historia yake. Hadi mwaka 2000 Serikali ya Marekani iliiharibu kwa makusudi ishara ya watumiaji wa kiraia, kosa likifika hata mita 100. Uharibifu huo ulikomeshwa tarehe 2 Mei 2000, na siku hiyo vifaa vyote vilivyokuwa vimekwisha kuuzwa viliboreka bila mtu kuvigusa. Kifaa kizima cha mwaka 1998 leo kitakuonyesha mahali ulipo kwa tofauti ya mita chache, ambayo kwa ndege inayoruka kwa kutazama nje ni zaidi ya inavyohitaji.

Kasoro za umri ziko kwingine. Ya kwanza ni tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma tangu 6 Januari 1980, lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hujaa kila baada ya majuma 1,024, yaani karibu miaka 20, kisha hurudi sifuri. Hesabu ilirudi sifuri Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Itarudi tena Novemba 2038. Kifaa kisichosasishwa hujikuta kinaishi katika mwaka uliopita zamani. Kwa kawaida bado kitakuonyesha mahali sahihi, lakini kitachelewa kuzipata setilaiti kwa sababu kinazitafuta mahali zilipokuwa enzi hizo, na saa za mawio na machweo kinazokupa zitakuwa za siku nyingine. Katika ukanda wetu giza huingia haraka baada ya jua kuzama. Anayeruka kwa kutazama nje asiuulize muda wa machweo kwa kifaa kinachokosea mwaka.

Ya pili ni kumbukumbu. Ndani ya vifaa vingi vya aina hii imo betri ndogo inayotunza nukta ulizohifadhi. Ikifa, nukta zote hufutika mara unapotoa betri kubwa, na kila unapokiwasha kifaa huanza kama kilichozaliwa leo. Kupokea upya ratiba nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu, kwa sharti kwamba kifaa kinaiona anga bila kizuizi. Dakika 12 na nusu ni chache ukiwa umeketi kwenye nyasi kando ya ndege. Ukiwa umepotea angani zinatosha kukupeleka kilomita 40. Kwa hiyo tunasisitiza: kiwashwe kabla injini haijawashwa, kiache kipate setilaiti zake, kisha kibaki kinafanya kazi safari nzima. Akiba iliyozimwa ndani ya mkoba ni akiba ya fundi, haimfai rubani.

Kuhusu betri zenyewe tutasema machache. Betri za kawaida zikiachwa humo miezi mingi huvuja na kula vibati vya shaba. Zitoeni baada ya safari. Betri za lithiamu zisizochajiwa hudumu zaidi na hazivuji upesi, na bei yake inastahili. Msichanganye mpya na kuukuu.

Ya tatu, na hii ndiyo inayotukosesha usingizi, ni ramani na orodha ya viwanja iliyomo ndani. Taarifa za usafiri wa anga duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia kimebaki na dunia ya siku ile kiliposasishwa mwisho. Chenye orodha ya mwaka 2004 hakiujui Uwanja wa Ndege wa Songwe kule Mbeya, ulioanza kutumika mwaka 2012. Kitakupeleka kwa uhakika kabisa kwenye uwanja wa zamani wa mjini. Masafa ya redio yamebadilika, mipaka ya anga inayodhibitiwa imesogezwa, minara ya simu imeota vilimani, na viwanja vingine vya mashambani vimegeuka malisho au vimejengwa nyumba. Kifaa hakitasema kuwa hakijui. Kitaonyesha alama ile ile, kwa herufi zile zile nzuri.

Ushauri wetu ni kuichukulia orodha hiyo kama kitabu cha simu cha zamani: baadhi ya namba bado zinaita, lakini hakuna anayeitegemea usiku wa dharura. Kabla ya safari, andika mwenyewe nukta chache unazozihitaji, yaani uwanja unaotoka, unaokwenda, viwanja viwili vitatu vya kukimbilia njiani, na alama kubwa za ardhi. Zitoe katika taarifa rasmi za anga zinazotumika sasa, na si kwa rafiki.

Kuandika nukta kwa mkono kuna mitego yake, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa maana mitego mitatu tutakayoitaja ni ya huku kwetu hasa.

Wa kwanza ni Ikweta. Vifaa vingi vilipotoka kiwandani vilipangwa kuanza na herufi ya kaskazini. Mtu wa Dodoma akisahau kuibadilisha, kosa linajianika lenyewe: kifaa kitadai uwanja uko zaidi ya maili 700 za baharini kutoka alipo, naye atacheka na kusahihisha. Hatari ni kwa anayeruka maeneo kama ya Nanyuki, ambako Ikweta inapita. Kiwanja kilicho dakika 5 kusini mwa mstari kikiandikwa kaskazini, kosa ni maili 10 za baharini tu, yaani kilomita 18 na nusu. Kosa dogo namna hiyo halimshtui mtu. Litampeleka rubani kwenye bonde la jirani mawingu yakiwa yanashuka kutoka Mlima Kenya, huku akiamini amefika.

Wa pili ni namna ya kuandika dakika. Kuna wanaoandika dakika na sekunde, na kuna wanaoandika dakika na desimali zake. Nukta iliyoandikwa dakika 22 na sekunde 50 ikiingizwa kama dakika 22.50 inahama zaidi ya mita 600, kwa sababu nusu dakika ni sekunde 30. Mpangilio wa kifaa na mpangilio wa karatasi unayonakili ni lazima vilingane.

Wa tatu ni wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa kipimo cha msingi kiitwacho Arc 1960. GPS hutumia WGS 84, ambacho Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilikifanya kipimo cha pamoja kuanzia 1 Januari 1998. Nukta iliyosomwa katika ramani ya Arc 1960 na kuingizwa bila kubadilisha mpangilio husogea karibu mita 300, zaidi kuelekea kaskazini au kusini. Mchana mweupe mita 300 si kitu; utauona uwanja na kugeuka. Katika ukungu wa alfajiri, kando ya mlima, mita 300 ni tofauti ya bonde na ukuta wake.

Tukitaja milima, tuseme neno juu ya ule mstari mnyoofu. Kitufe cha kwenda moja kwa moja ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Ukiwa Nairobi ukaiomba Dar es Salaam, kifaa kitachora mstari bila kusita. Mstari huo hupita jirani kabisa na upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, kisha hupita kando ya milima ya Upare na kuikatiza ya Usambara, ambayo vilele vyake vinazidi mita 2,000. Kifaa cha rangi moja cha miaka ile hakina onyo la ardhi. Kwake dunia ni bapa kama meza. Njia hupangwa kwenye ramani yenye vimo, ndipo kifaa hupewa nukta za kufuata, pembe kwa pembe.

Kuhusu kasi na kimo, tutafafanua kidogo kwa sababu wanafunzi huchanganya. Kasi inayosomwa na GPS ni ya ndege juu ya ardhi. Bawa halijui ardhi; linajua hewa inayopita juu yake. Pale Wilson, uwanja ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kiasi kwamba hata pasipo upepo kasi ya GPS huzidi ile ya saa ya mwendo kwa takribani asilimia 10. Anayekuja kutua akitazama noti 70 katika GPS huenda ana noti 63 au 64 tu katika saa ya mwendo, na upepo wa nyuma ukiwapo, chini zaidi. Ndege hukosa nguvu ya kuelea kwa namna hiyo, karibu na ardhi, pasipo nafasi ya kujirekebisha. Baadhi ya vifaa huchora hata sura ya saa za dashibodi kwenye skrini. Michoro hiyo imekokotolewa kutokana na mwendo wa ndege unaopimwa kwa setilaiti, na rubani aliye ndani ya wingu asiiamini kumshikia mabawa. Kimo nacho kina kisa kama hicho: ndege hutenganishwa angani kwa altimita, hivyo unaloliambia mnara lisomwe katika altimita.

Mahali pa kukiweka ndani ya ndege pasipuuzwe. Kifungwe imara, kwa kishikio, mahali antena inapoiona anga na macho yanapokifikia bila kuinamisha kichwa. Kikiwekwa karibu na dira ya sumaku, kiangalieni kama dira inayumba. Kama inayumba, kihamishwe. Waya wake usipite mbele ya usukani. Kisha rubani ajizoeze kwa vitufe akiwa ardhini mpaka vidole vijue njia, na angani amwachie mwenzake, kama yupo, shughuli ya kubonyeza.

Kwa mnunuzi, sasa, neno la soko. Msinunue kwa picha. Kifaa kiwashwe uwanjani, mbele yenu, kwa betri mlizokuja nazo ninyi. Mngojeeni apate setilaiti, kisha linganisheni alichoonyesha na mahali mnapopajua. Andikeni nukta moja, kizimeni, toeni betri kwa dakika kadhaa, rudisheni. Nukta ikiwa imetoweka, betri ya ndani imekufa na bei ishuke. Fungueni mlango wa betri mtazame kutu ya kijani. Bonyezeni kila kitufe, maana mpira wake huchoka. Ulizeni tarehe ya orodha ya viwanja, ambayo huonekana kifaa kinapowaka, na muulize kama mtengenezaji bado anaihudumia. Mpewe risiti yenye jina la aina na namba ya kifaa.

Na mkiona tangazo lisemalo kifaa cha mkononi kimeidhinishwa kwa urubani, ombeni karatasi ya idhini hiyo. Kutengenezwa kwa ajili ya marubani ni jambo moja; kuidhinishwa kuwa chombo kinachoruhusiwa kuongoza ndege ndani ya mawingu ni jambo jingine, ambalo huhusu vifaa vilivyofungwa katika ndege, vikakaguliwa na kuandikwa katika kumbukumbu zake. Vifaa hivyo huwa na uwezo wa kujikagua na kutoa onyo setilaiti moja inaposema uongo. Cha mkononi cha miaka ile kitakuonyesha kosa kwa sura ile ile kinayoonyesha ukweli. Muuzaji anayechanganya mambo haya mawili anampotosha mnunuzi, na malalamiko ya namna hiyo tunayapokea ofisini kwetu.

Abiria wenzetu hatujawasahau. Mnapokodi ndege ndogo kwenda mbugani au visiwani, mna haki ya kumuuliza rubani, kwa adabu na kabla ya kupanda, atafanya nini kishikwambi chake kikizimika. Rubani mzuri hatachukia. Atawaonyesha ramani iliyokunjwa, dira, pengine na kifaa kama hiki chenye betri mpya. Akiwaonyesha simu yake tu, ahirisheni, au tafuteni mwingine.

Tumeleta vifaa vitatu vya miaka tofauti, viko mezani karibu na mlango. Kimoja hakisomi mwaka wa leo, kingine kimepoteza kumbukumbu, na kimoja ni kizima. Hatukuviandika ni kipi ni kipi. Chukueni dakika 10 kila mmoja, mvitoe nje kwenye nyasi mvijaribu kwa mpango tuliousema, kisha turudi humu tupokee maswali.